Nilivyomwandika Mtani Wangu

Asubuhi ile Shomari aliingia uani kwangu, hapa Temeke, akamkamata jogoo wangu bila kuuliza, akamtia kwapani na kuondoka naye akicheka. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, watani. Kesho yake nami ningekula kwake mpaka mkewe, Zuhura, anifukuze na mwiko. Ndivyo tulivyoishi, na sijacheka tena kama miaka ile.

Mchana ikaja karatasi. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, na mie nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Alitakiwa dereva mmoja wa lori kutoka kwenye nyumba zangu. Nilikuwa nao wawili: Shomari, na mdogo wangu Masanja.

Niliandika Shomari.

Nikamwambia tumepiga kura, imemwangukia yeye.

"Kura kaishika Mnyamwezi," akasema, "mie ningepona vipi?"

Akaondoka.

Bomu lilimkuta barabarani. Hakuna mwili ulioletwa.

Kwenye matanga, mtani ndiye huwachekesha wafiwa. Nilivaa kofia ya marehemu, nikakalia kinu, nikashika ungo kama usukani, nikapiga honi kwa mdomo. Watu walicheka wakashika mbavu. Kicheko kile kikanipa ujasiri, nikapaza sauti: "Hakukuwa na kura! Nimemuua mie, ili mdogo wangu apone!"

Wakacheka zaidi. Zuhura naye alicheka, machozi yakimtoka. Nami nikapiga honi tena.

Kwa miaka zaidi ya arobaini nilijiambia kwamba nimeshasema. Nilijiambia pia kwamba vita sikuvianzisha mie, karatasi sikuiandika mie, na dereva mmoja angekwenda tu, nitake nisitake. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonipa usingizi.

Mwaka huu Masanja alifariki kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Baada ya kumzika nilikwenda kwa Zuhura. Alikuwa anakaanga maandazi.

"Mnyamwezi, umefuata vya bure?"

"Leo si utani, shemeji."

Nikamweleza. Akaepua karai, akazima jiko.

"Vita vilitaka dereva," akasema. "Lakini vita havikumjua Shomari. Wewe ulimjua. Kawaambie wanangu. Na uanze kwa kuwaambia si utani, wasije wakakuchekea bure kama mie."

Walikuja wote watatu, watu wazima wenye mvi. Nilisema yote. Hakuna aliyecheka, wala aliyenitukana. Mkubwa aliuliza swali moja tu: baba alijua?

Nikamjibu hapana. Siku ya kuondoka, baba yake alikuwa amekwisha kuwasha lori. Akazima, akashuka, akanishika bega. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Pole, balozi," aliniambia. "Kazi yako ngumu kuliko yangu."