Mama Siliba na Machaguo Yake

Mwalimu Ludovika Komba hajawahi kulikubali jina la Mama Siliba mbele ya watu, lakini ukimwita hivyo kwa mbali utaona shingo inanyooka. Alilipata kihalali. Katika shule yetu ya msingi hapa Songea, upande wa Matogoro, hakuna aliyewafundisha watoto kusiliba karatasi ya majibu kama yeye: penseli ichongwe vizuri, kivuli kijae kwenye herufi, kisitoke nje, usifute ovyo ukatoboa karatasi. Swali likikushinda, ondoa majibu mawili ya kijinga, kisha siliba moja kati ya yaliyobaki. Watoto wake walifaulu mwaka hadi mwaka. Wazazi walimletea kuku, karanga na mikungu ya ndizi, mpaka mimi niliyefundisha darasa la tatu chumba cha jirani nikawa nafunga dirisha nisiwasikie hao kuku. Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Ndiyo maana wivu ulipomgeukia yeye, niliutambua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Dorine alihamia kwetu kutoka Tunduru, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, akapewa darasa la sita B. Ludovika alikuwa na sita A. Asubuhi ya kwanza Dorine aliinama kidogo mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alijibu Ludovika. Kisha akanigeukia, "Pamela, umemsikia? Ananiamkia kama bibi yake."

Mtaala mpya ulikuwa umeshafika na maneno yake ya umahiri na upimaji. Sisi wengi tulikwenda semina, tukanywa soda, tukarudi kufundisha kama jana. Dorine peke yake aliuamini. Aliwatoa watoto nje. Huyu apime kitalu cha mchicha na aeleze eneo lake amelipataje, yule amsimulie mwenzake habari aliyosoma. Hakutangaza wa kwanza wala wa mwisho. Alimwambia kila mtoto anachokiweza na kile ambacho bado. Ludovika alisimama dirishani na chaki mkononi, akiwatazama. "Michezo ya chekechea," alisema, ila hakuondoka dirishani.

Kilichomchoma hasa kilitokea Jumapili moja baada ya misa. Uwanja wa kanisa ulikuwa himaya yake, wazazi walimzunguka pale kila wiki. Siku hiyo mama yake Calvin wa sita B alitoka mlangoni anatabasamu, Ludovika akanyoosha mkono, na yule mama akampita akaenda moja kwa moja kwa Dorine. Alitaka kumweleza jinsi Calvin alivyosoma maandishi ya mfuko wa mbolea, akamzuia baba yake asiiweke juu ya mbegu. Mkono wa Ludovika ulibaki hewani, akaupeleka kwenye kilemba kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda. Nilimwona. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Kesho yake alimkabili Mwalimu Mkuu, Egidi Haule. Mwaka ulikuwa unakwisha, na mmoja kati ya Ludovika na Dorine angepanda na watoto kwenda darasa la saba. Miaka yote alipanda Ludovika. Darasa la saba ndilo lililokuwa na jina na heshima, na ndilo lililoleta wale kuku.

"Mkuu, tupimane," alisema. "Mimi nipime watoto wake, yeye apime wangu. Halafu uamue."

Mkuu alikubali. Ludovika aliwapa watoto wa Dorine karatasi ya kuchagua majibu, wakapata wastani, si haba, si ajabu. Siku nzima alitembea anaimba nyimbo za kwaya. Alinipita barazani akaniambia, "Watu wanasifiwa bure mjini hapa."

Zamu ya Dorine ilikuwa nyuma ya jiko la shule. Alileta mfuko mtupu wa mbegu za mahindi na kumkalisha mpishi wetu, Mama Amedeus, kwenye kigoda. Kila mtoto asome, kisha amshauri. Ludovika alimtanguliza Lightness, wa kwanza wake tangu darasa la tano. Binti alisoma bila kukwama hata mahali pamoja, vituo vyote mahali pake, na Ludovika akatutazama mmoja mmoja.

"Asante, mjukuu wangu," alisema Mama Amedeus. "Sasa shamba langu liko bondeni, maji yanatuama, na mvua yenyewe imechelewa. Mbegu hii nipande, au niache?"

Lightness aliugeuza mfuko nyuma, akaugeuza mbele, akachungulia hata ndani. Kisha akamwendea Dorine kwa adabu.

"Mwalimu, sijaona machaguo."

"Machaguo gani, mwanangu?"

"A, B, C na D."

Watoto wa sita A waliokuwa wakisubiri kwenye foleni hawakucheka. Wote walikuwa wanamtazama Dorine, nao wanasubiri ayatoe. Laiti Dorine angecheka, nadhani Ludovika angepona, maana angepata la kumchukia. Lakini Dorine alichuchumaa, akamshika Lightness bega, akamwuliza taratibu kwao wanalima wapi, na maji hukaa vipi. Polepole yule binti akaanza kuongea. Ludovika alimtazama mwanafunzi wake akimfungukia mtu mwingine.

Mchana tulikaa ofisini. Mkuu Egidi si mtu wa kumwaibisha mwenzake, akaanza kwa upole.

"Mwalimu Ludovika, wewe ni mkubwa wetu. Sitaki kukupangia. Wewe mwenyewe unaonaje, mwakani tufanyeje?"

Ludovika alitazama meza. Alivuta kipande cha chaki, akakizungusha, akakirudisha.

"Mkuu," alisema, "sema kwanza kuna nini na nini, mimi nichague."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Niliona damu ikimpanda usoni, na safari hii sikufurahi, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiomba Mkuu asije akaniuliza mimi.

Darasa la saba alipewa Dorine. Tulipiga makofi, naye Ludovika akapiga, macho yake hayakumwacha Dorine hata kidogo. Tulipotoka alibaki nyuma. Nilimsikia akimwuliza Dorine, kwa sauti iliyomtoka kwa shida na chuki, "Ule mfuko. Mimi ungeniuliza nini?"