Mnorwei Akinyamaza

Mimi ndiye fundi mitambo wa sherehe zetu Watanzania hapa Silver Spring, Marekani, na wa kunishinda hajazaliwa, lakini kwa yule mama wa Kinorwei anayeimba jazi nakaa kimya. Anavua viatu kwanza. Maiki anaishika kwa vidole viwili, kama kikombe cha chai ya moto. Ana sauti ndogo yenye mikwaruzo, na katikati ya wimbo ananyamaza kabisa, macho kafumba, halafu anarudi pale usipomtegemea. Sasa Jumamosi, kwenye send-off ya Elieth, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake, wimbo Elieth mwenyewe kauomba, mama kanyamaza hivyo, MC Gwakisa akadhani kamaliza. Akamnyang'anya maiki.

"Makofi kwa mzungu wetu. Meza ya wakwe, chakula tayari."

Watu wakainuka kukimbilia pilau. Nilichukia, we acha tu. Mama wa watu hata macho hakufungua, akaendelea bila maiki, mguu peku ukigonga sakafu. Nikachomoa waya wa maiki ya Gwakisa.

"DJ, mbona sisikiki?" Gwakisa akanifokea.

"Mwenye wimbo hajamaliza, kaka. Nenda kale."

Akaenda kweli. Tukabaki tunamsikiliza mimi na Elieth, sahani yake ikipoa.