Bibi ya Fundi

Mwaka 1972, vijana wa Kisii waliojiundia redio kwa kujifurahisha walimpelekea Gesare kila zilipokataa kusema. Katika soko la Daraja Mbili aliwaonyesha transista waliyoigeuza miguu, akawachorea saketi upya. Mvua ya alasiri ilimharibia kazi, akaiomba kamati ya soko kibanda.

"Fundi aje mwenyewe, mama," mwenyekiti wa kamati alimjibu. "Wewe ni bibi ya fundi."

"Bwanangu anauza ndizi!"

"Basi tumwandike yeye."

Nyangate, mumewe, akacheka. "Mzee, ukiniletea redio nitaimenya."

Gesare alikataa uongo huo. Kibanda akapewa muuza mitumba, kwa sababu nguo, kamati ilieleza bila haya, hazifai kulowa. Gesare akaendelea kulehemu chini ya mwavuli.