Mbunge wa Akiba wa Wamaza

Mwalimu Joël wa Wamaza alikaa miaka saba akiwa karibu mbunge, bila kukanyaga bunge hata siku moja, na wala hakuwa amekosa lolote. Ndivyo sheria ilivyompanga. Kwetu, mtu hagombei ubunge peke yake. Chini ya jina lake huandikwa jina la mwenzake, suppléant, ambaye kazi yake ni kungoja. Mbunge akifa, au akifanywa waziri, au akikihama chama chake katikati ya muhula, yule wa chini hupanda akakaa kitini. Watu wa Wamaza wanaujua mpira kuliko sheria, kwa hiyo walimwita mbunge wa akiba. Vijana wakimkuta njiani na baiskeli yake walimwuliza kama ameshapasha misuli.

Mbunge mwenyewe aliitwa François, mzaliwa wa Kabambare aliyehamia Kinshasa zamani na kunenepa huko. Alimtaka Joël kwa sababu Wamaza ina kura nyingi, na nusu ya wapiga kura hao Joël ndiye aliyewafundisha kusoma. Muhula wa kwanza walishinda kwa chama chenye nembo ya nyuki. Chama cha nyuki kilianza upande wa serikali, kikajikuta upinzani, kikarudi serikalini, na katika safari yote hiyo hakuna aliyekuja Wamaza kueleza kimepitia wapi. Kabla ya uchaguzi wa pili François alihamia chama cha taa. Alimhamisha na Joël, kwa simu.

"Mwalimu, sasa sisi tuko watu wa taa."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Joël, na kuhama kwake kukaishia hapo. Olga, mkewe, aliichukua fulana ya nyuki akaifanya ya kulimia.

Sasa utauliza, mtu mwenye akili zake anangoja nini miaka yote hiyo? Joël hakuwa na tamaa ya suti wala ya gari. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao ulimkaa rohoni. Mwaka huo alikuwa na watoto thelathini na mmoja katika darasa la sita, na wote walipaswa kufanyia mtihani wa taifa Kabambare. Walitoka Wamaza kwa miguu siku nne kabla. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, wakalala kando ya mto siku mbili wakila mihogo mibichi, na walipofika Kabambare mtihani ulikuwa umekwisha jana yake. Msimamizi aliwaonea huruma akawapa kalamu, moja moja, za kurudi nazo nyumbani. Wengi wa watoto wale leo wanachimba dhahabu Lusangi. Joël akikutana nao huwasalimu na kutazama chini, maana huona aibu kama vile yeye ndiye aliyeleta mvua.

Kwa hiyo alitaka kusimama bungeni mara moja tu, dakika tano, aseme habari za barabara ile na madaraja yake. Hotuba aliiandika mwaka huo huo, kwa Kifaransa, na kila mwaka aliipunguza maneno makali. Olga alikuwa ameisikia mara nyingi mno, hata alijua mahali mumewe atakapokohoa.

Basi, mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imekolea, habari ikafika Wamaza siku ya Jumanne, imechelewa siku kumi. Serikali mpya imetangazwa, chama cha taa kimepewa viti vitatu, na mheshimiwa François amekuwa naibu waziri wa uvuvi. Kiti chake bungeni kiko wazi. Mwalimu Joël aende haraka Kinshasa kukikalia.

Wamaza ililala bila usingizi kwa furaha. Asubuhi yake Joël alikabidhi darasa la sita kwa mwalimu kijana, Grâce, pamoja na chaki, fimbo ya kuonyeshea ramani, na orodha ya watoto wasioona vizuri ubaoni. Kuku aliwagawa kwa majirani. Shamba la mpunga alimwachia shemeji yake. Olga alimwonya asigawe kila kitu, lakini Joël alisema mbunge haachi kuku nyuma, neno ambalo hakujua amelitoa wapi.

Mwisho wa yote shangazi yake, mama Léontine, alimsimamisha mlangoni, akajaza maji kinywani na kumpulizia kifuani mara mbili. Hiyo ni desturi ya kwao, na ina masharti. Aliyepuliziwa maji kwa safari harudi mpaka atimize alilotumwa. Akirudi kabla, maji yale humgeukia, na nyumba nzima hupata homa.

"Enda, baba," alisema mama Léontine. "Usirudi na maneno. Urudi na daraja."

Alibebwa na pikipiki ya Héritier, dereva mwenye sifa ya kuanguka polepole. Kutoka Wamaza mpaka mji wa Kasongo, njiani kuelekea Kinshasa, wakati wa kiangazi, ni safari ya siku moja. Wao walitumia siku nne. Siku ya kwanza mnyororo ulikatika. Siku ya pili waliisukuma pikipiki zaidi ya vile ilivyowabeba, na siku ya tatu waliibeba wao, kwa mti, kama mgonjwa, kuvuka mto ambao daraja lake lilibaki magogo mawili. Joël hakukasirika hata kidogo. Kila shimo alilipima kwa miguu na kuliandika daftarini, akimwambia Héritier kwamba yote haya yatasemwa. Héritier aliomba shimo alilovunjia taa ya mbele litajwe kwa jina lake.

Walifika Kasongo siku ya nne mchana, wamejaa matope mpaka masikioni, na kwenda moja kwa moja kwa binamu yake Joël aitwaye Salomon. Salomon alikuwa amekaa barazani na redio. Alipunguza sauti.

"Karibu, yaya," alisema, maana Joël alikuwa kaka mkubwa kwake. "Serikali ilianguka."

"Ilianguka lini?"

"Juzi. Wabunge waliipigia kura, wakaiangusha. Yee François iko narudi ku kiti yake. Sheria inasema vile."

Ilikuwa kweli. Waziri akipoteza uwaziri hurudi bungeni, na mbunge wa akiba hurudi kwenye akiba. François alikuwa naibu waziri wa uvuvi kwa siku kumi na mbili, na kwa habari tulizozipata samaki hawakudhurika. Joël aliketi chini na viatu vyake vya matope. Kama angetoka Wamaza kwa ndege angeweza kuwa mbunge kwa siku moja, na siku moja inatosha kwa dakika tano. Wazo hilo alilirudiarudia mpaka Salomon akamwomba aoge kwanza.

Kurudi nyumbani hakuweza, maana maji ya shangazi yalikuwa bado kifuani. Akakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Estelle, mke wa Salomon, ni mwanamke asiyepuuza methali. Siku ya tatu asubuhi Joël alikuwa bustanini akipalilia matembele.

Huko ndiko simu ilikomkuta. Alikuwa mheshimiwa François mwenyewe, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Mwalimu, mi natoka ku taa. Taa imenitupa. Naenda ku mutumbwi."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Joël, kwa mazoea.

"Sasa kuko karatasi moja kidogo ya kusaini. Unaandika kama na wewe umetoka ku taa, tunaenda wote. Mutu wangu ataileta kesho pale Kasongo."

Joël alisimama na jembe mkononi. Alikuwa mwalimu, na sheria alikuwa ameisoma mwenyewe, si kusimuliwa. Mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni huhesabiwa amekiacha na kiti, na kiti humwendea yule wa chini, ikiwa yule wa chini amebaki ndani ya chama. Miaka saba alikuwa akihama kila anapohamishwa. Safari hii, ili awe mbunge, hakutakiwa kufanya kitu chochote isipokuwa kubaki alipo.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Miye nabakia ku taa."

"Mwalimu, wewe?" alisema François. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeketi miaka mingi kwenye kiti na leo kiti kimemsemesha.

Mchovya asali hachovyi mara moja, na Joël sasa alikuwa ameonja kusema hapana. Aliwakatalia watu watatu katika wiki moja. Alimkatalia mjumbe wa François aliyeleta karatasi, akamkatalia na padri aliyetumwa kumshauri, na alimkatalia Estelle bustani ya pili. Halafu akapiga simu Kinshasa, kwa mwenyekiti wa chama cha taa, kujitambulisha. Mwenyekiti alifurahi mno. Alimwita mwana halisi wa chama, akasema barua ya kudai kiti cha msaliti François imeshapelekwa bungeni, kilichobaki ni muhuri. Alimwambia jambo moja tu: asitoke ndani ya taa, hata ikiwaka moto.

Joël hakutoka. Alikaa ndani ya taa wiki tatu, akipalilia matembele. Aliazima koti la Salomon akajipima nalo. Hotuba aliisahihisha tena, akarudisha maneno makali yote aliyoyapunguza kwa miaka saba, na mashimo ya njiani akayaongeza mwishoni, na la Héritier kwa jina lake. Jioni aliisoma kwa sauti nyuma ya nyumba, na majirani wakaanza kuja na viti. Mzee Ramazani, muuza chumvi wa jirani, msikilizaji mgumu, alisema madaraja yameelezwa vizuri lakini salamu za mwanzo ni ndefu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na Joël alikuwa amesimama ukingoni bila nguo, anayatazama maji, na anafurahi. Sijui kama aliwahi kufurahi vile tena.

Habari ilitoka kwenye redio Ijumaa saa saba mchana, watu wakila. Serikali nyingine ilikuwa inaundwa. Msomaji alisema kwamba mwenyekiti wa chama cha taa, baada ya kutafakari kwa kina na kwa faida ya taifa, amekiingiza chama chake chote, na viongozi wake, wabunge wake na wanachama wake, ndani ya chama cha mtumbwi. Madai yaliyokuwa bungeni juu ya viti yamefutwa, kwa kuwa hakuna tena aliyehama.

Salomon alizima redio.

"Basi François iko wapi sasa?" aliuliza Estelle.

"Iko palepale," alisema Joël. "Alitangulia tu."

Chakula hakukimaliza. Alikwenda nyuma ya nyumba na kukaa kwenye kiti alichokileta Ramazani jana yake, akalia kama mtoto aliyefika mtihani umekwisha. Iliuma, na sitaki kuipamba. Kuitwa mheshimiwa hakukuwa kitu. Watoto thelathini na mmoja wangesemewa mbele ya nchi nzima, hata kwa kuchelewa, na sasa hawatasemewa. Jioni alimpigia simu mwenyekiti kuuliza kama yeye, Joël, bado yumo ndani ya taa. Mwenyekiti alimjibu kwa adabu kwamba, kwa kadiri anavyojua, yumo peke yake.

Alirudi Wamaza nyuma ya Héritier, wakitumia siku tatu, maana sasa njia waliijua. Mama Léontine alikuwa amesikia. Alimsubiri nje ya kijiji na kibuyu cha maji baridi ili kumvua yale ya kwanza. Wazee wawili walitaka kujua kama desturi inaruhusu, kwa kuwa alilotumwa hakulitimiza.

"Aliyeanguka si yeye," aliwajibu mama Léontine. "Yeye alibakia wima, vingine vyote vikatembea." Akammwagia kibuyu chote kichwani, na hakuna aliyepata homa.

Olga alimpokea, akampa wali na akamkalia karibu mpaka amalize. Kuku wawili walirudishwa na majirani. Wengine walikuwa wameshaliwa, kwa heshima yake, siku ile ile serikali ilipoanguka.

Jumatatu alikwenda shuleni kumwona mkuu wa shule, direkta Alain. Dirishani alimsikia Grâce akifundisha hesabu za sehemu, polepole na vizuri, na watoto wasioona ubaoni alikuwa amewaketisha mbele. Joël alisimama hapo kidogo. Alikuwa amekuja kuomba darasa lake, na kabla ya kufika mlangoni alijua kwamba hataliomba.

"Mwalimu, nafasi hakuna," alisema direkta, akiona aibu kuliko yeye. "Grâce jina yake ilishaenda Kabambare. Lakini kuko neno moja. Grâce iko na mimba ya myezi saba."

"Nimeona."

"Sasa ile njia unaijua wewe mwenyewe. Hawezi kungojea uchungu hapa, mto ukijaa atakufia kwenye magogo. Mwisho wa mwezi huu tunamupeleka Kabambare polepole, akalale karibu na hospitali mpaka azae. Utamukamatia darasa. Myezi mine, ama tano. Si kazi ya mutu kama wewe, najua. Ni kushika nafasi ya mutu tu."

Joël aliuliza ni siku gani hasa. Direkta akaangalia kalenda ukutani na kusema tarehe ishirini na nane, Alhamisi. Joël akaomba kalamu akaiandika, kisha akaisoma tena ili ahakikishe. Katika miaka saba ya kungoja nafasi ya mtu, ilikuwa mara ya kwanza kutajiwa siku.