Afisa alikuja kuhesabu walimu, mimi nikafichwa nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu humu, leo nimeona nitoe la kwangu. Sijatia chumvi, ila jina la shule naomba mniachie.

Mimi ni mwalimu wa cheti, nasubiri ajira. Kila zikitangazwa naomba, sistimu inapokea, jina halitoki.

Nikawa najitolea shule ya msingi ya serikali hapa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mwanhuzi. Darasa la kwanza, mwaka wa pili sasa.

Siku moja Mwalimu Mkuu akaniita pembeni. Kesho yake anakuja afisa wa wilaya kuangalia ikama, yaani shule inatakiwa kuwa na walimu wangapi na inao wangapi.

"Mayu, kesho usije," akasema kwa upole (mayu ni mama kwa Kisukuma). "Akikukuta darasani ataandika tunatosha, hatutaletewa mwalimu."

Nilimwelewa. Ila iliniuma, siwafichi.

Asubuhi nikakaa uani nachambua pamba. Mara nasikia vishindo vya miguu. Darasa la kwanza zima! Wameona mwalimu haji, wakaamua kumfuata. "Shikamoo madam!" Wakakaa kwenye turubai na madaftari yao. Wawili wakaanza kuchambua pamba bila kuambiwa (sisi Wasukuma kazi tunaanza mapema, msicheke).

Nyuma yao afisa, mama wa makamo, viatu vumbi tupu. Nyuma ya afisa, Mkuu, jasho linamtoka.

Nikajua nimeiponza shule.

"Mwangaluka mayu," afisa akanisalimu kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama. "Hawa watoto ni wa nani?"

"Wangu," nikasema, halafu nikajirekebisha haraka. "Wa shule. Mimi najitolea tu, mama. Tafadhali usiandike kwamba mwalimu yupo."

Machozi yakanitoka mbele ya watoto.

Afisa akamgeukia Mkuu. "Si mngeniambia tu? Anayejitolea haingii kwenye ikama. Pengo lenu lipo palepale."

Kumbe tulijificha bure!

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, mwalimu akaletwa. Si mimi, wakuu. Ni kijana mpole kutoka Bariadi. Nikamkabidhi darasa: huyu haoni vizuri, akae mbele, yule radi ikipiga analia, mshike mkono. Akaandika yote. Nilimpenda, na roho iliniuma vilevile.

Kesho yake nikarudi kwenye pamba. Hakuna mtoto aliyekuja. Walikuwa darasani wanaimba silabi kwa mtindo niliowafundisha, na kutoka uani kwetu nasikia yote.

Nilichojifunza: wanaojitolea wenzangu, msikubali kufichwa. Anayehesabu akija, mkuteni darasani mumweleze hali ilivyo. Na huko wilayani wangetutengea japo mstari mmoja kwenye fomu zao.

Mliowahi kukabidhi darasa mnalolipenda, wiki ya kwanza mliishije? Nipeni maneno, maana kesho ni Jumatatu na pamba yenyewe imeisha.