Upande wa Kulia wa Moyo Wangu

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimeishia darasa la nne, nimebeba mbao za watu pale Makambako mpaka nywele za utosini zikaisha, na leo nina mashine yangu ya kupasua magogo na nyumba Njombe mjini. Lori lilipinduka na mzigo wangu wote, mimi nikaenda kula. Kwa hiyo mguu wa kushoto ulipovimba nilicheka tu.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nimekaa kwenye kiti cha lori siku mbili, sishuki hata kujinyoosha. Shavu la mguu likawa gumu, la moto, linang'aa. Kwetu mguu ukivimba unakandwa. Mke wangu, Mama Neema, alichemsha maji ya chumvi. Alipougusa akaogopa.

"Baba Neema, huu si uchovu. Twende hospitali."

"Kanda wewe! Kwani unamwogesha mtoto mchanga?"

Akakanda kwa viganja viwili, anasukuma kwenda juu nilivyomwelekeza. Siku ya tatu nilinyanyuka kwenda chooni, kifua kikabana, pumzi ikakata. Nikakohoa damu. Nikaanguka, nikajikojolea mbele yake.

Hospitalini daktari, binti wa umri wa Neema wetu, aliagiza CT scan, picha ya ndani ya kifua. Unachomwa dawa kwenye mshipa, joto linashuka mpaka sehemu za siri, unadhani umejikojolea tena. Baadaye akanigeuzia kompyuta.

"Baba, hivi vivuli ni mabonge ya damu. Yametoka mguuni yakaziba mishipa ya mapafu. Lakini kinachonitisha ni moyo. Chumba hiki cha kulia kinatakiwa kiwe kidogo kuliko cha kushoto. Chako kimetanuka, kimekizidi."

"Maana yake?"

"Unasukuma damu pasipopitika. Umechoka."

"Mimi sichoki, binti yangu."

"Wewe huchoki. Moyo ndio umechoka. Kuna dawa ya kuyeyusha mabonge, inaweza kukuvujisha damu hata kichwani. Ila tukingoja, siwezi kukuahidi kesho."

Nikaweka sahihi. Mama Neema akauliza kwa sauti ndogo, "Daktari, ni mimi niliyeyasukuma?"

"Hatuwezi kujua, mama. Yangeweza kutoka hata bila kukandwa. Ila mguu wa namna ile haukandwi."

Ilikuwa zamu yangu kusema kwamba alikataa nikamlazimisha. Nilifumba macho, nikajifanya nimelala.

Nilipona, ndivyo mnavyosema. Picha ya pili ilionyesha mabonge mengine yamebaki kama kovu, na moyo haujarudi ulivyokuwa. Kutoka sokoni mpaka kwangu napumzika mara tatu. Dawa nameza kila siku. Usiku Mama Neema anasikiliza ninavyohema, na tangu siku ile hajaugusa mguu wangu.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti. Wewe ambaye mguu mmoja umevimba, usikandwe, wahi upimwe. Ukipigwa picha ya mapafu, uliza na moyo wanauonaje. Na nasema hapa mbele yenu wote: mke wangu hana kosa, mimi ndiye niliyemwamuru.

Mashine yangu bado ninayo. Kilichouzwa ni shamba lake la parachichi, alilolipanda kwa mikono yake, na lote limeishia kwenye matibabu yangu: shilingi milioni tisa, laki mbili na elfu themanini na tano.