Mtani Ndani ya Kaburi la Mama

Mtani wetu alikuwa amelala chali ndani ya kaburi la mama yangu, kofia ya kampeni imemfunika uso, anakoroma. Alikoroma kwa makusudi, kwa sauti, ili watu wacheke. Na watu walicheka. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili, juani, na kwenye kona yake ya chini kitu kilikuwa kinadondoka vumbini. Shangazi alisukuma majivu kwa mguu akafunika pale palipolowa. Majivu nayo yakalowa. Nikachukua jembe lililoachwa na wachimbaji, nikashuka kaburini, nikampiga yule mtani kwa mpini. Begani, mkononi, kisha usoni, juu ya ile kofia.

Hapo kicheko kilikatika. Wanawake walipiga yowe, na yowe lile halikuwa la mama, lilikuwa la mtani. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa yule aliyekuwa kwenye jeneza, ndiye aliyenivuta nikatoka mle, amenishika kitambaa na nywele pamoja.

Kwa asiyejua mila zetu, mtani ana haki zake msibani. Ukoo wa watani wetu uko kijiji cha jirani, na tangu babu zetu tunazikana. Mtani anaweza kumtukana marehemu, akachota nyama kwenye sufuria ya msiba bila kuomba, akaingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Baba alipokufa mtani huyuhuyu alilala kwenye kaburi lake, tukampa jogoo, akatoka anapangusa suruali na kulalamika kwamba jogoo mwenyewe kakonda kama marehemu. Tulicheka huku tunalia, tukazika. Ni kitu kizuri. Nasema ni kitu kizuri ili mjue walichokichukua wakakichafua.

Sasa nieleze nani alimtuma.

Kitongoji chetu kiko ndani kidogo ukitokea Ilongero, watu wa alizeti na mtama na ng'ombe wachache. Mama alikuwa mjane, hakusoma, lakini watu walikuwa wanamtazama yeye. Mama akipanda mapema, nao wanapanda mapema. Mama akikataa kumuuzia mchuuzi fulani alizeti, huyo mchuuzi anaondoka na magunia matupu. Hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo, na alipenda kusubiriwa.

Uchaguzi wa rais ulipobakiza wiki chache, walianza kuja. Vyama viwili vilikuja, kwa zamu, kimoja asubuhi na kingine jioni, mpaka mbwa wetu wakachoka kubweka. Chama kilichofanya haya sikitaji, kwa sababu wale wengine nao walikuwa na mdomo wazi uleule, ila waliwahiwa tu. Watu ninawataja. Wa kwanza ni mratibu wa kampeni, kijana wa mjini mwenye simu mbili na viatu vyeupe.

Siku ya kwanza alimkuta mama anapepeta.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetokea kwa nani?"

"Nimetokea kwa mgombea wetu wa urais, bibi."

"Huyo namjua, yuko kwenye fulana. Nakuuliza wewe umezaliwa na nani."

Akataja baba yake. Mama akamwambia baba yake hamjui, lakini kwa vile amekuja na heshima, achukue ndoo akachote maji korongoni kisha waongee. Ndivyo alivyowafanya wote. Pampu ya kitongoji ilikufa tangu uchaguzi uliopita, na mama alikuwa amejiapiza kwamba anayetaka kura yake achote kwanza. Mratibu akatazama viatu vyake, akamwita dereva wa bodaboda aliyemleta, akamtuma yeye na ndoo.

Mama akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kwa hiyo na mgombea wako akiingia Ikulu, kazi atatuma bodaboda?"

Mratibu naye akacheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. Nilimwona. Hakumsamehe.

Jioni ile alikaa barazani kwa kaka, na mimi nilikuwa napita na kuni, nikapewa kazi ya kuwachemshia chai. Nilisikia yote, maana mbele ya wanaume kama wale mwanamke mwenye birika ni sawa na birika. Alikuwa anamfundisha kaka kampeni. Kwamba wiki hizi za mwisho hupotezi mafuta ya gari kwa watu wako, hao ni wako. Wala kwa watu wa wenzako, hao wameshaharibika. Unawatafuta wa katikati, wanaosema bado tunafikiria. Na hao wa katikati hupiti nyumba hadi nyumba, utachoka. Unamtafuta mmoja ambaye wengine wote wanamsubiri.

"Hapa kwenu ni bibi," akasema. "Bibi akitamka, nimemaliza kitongoji."

"Mama hatamki," kaka akasema.

"Kila mtu ana siku yake ya kutamka, mjomba."

Akamwahidi kaka kwamba mradi wa maji ukija, yeye ndiye atakuwa msimamizi. Kaka yangu ana miaka hamsini na kitu na hajawahi kusimamia hata zizi lake mwenyewe. Alikunywa ile chai kama mtu aliyekwisha kupewa ofisi.

Nilimuuliza mama usiku ule kwa nini asiseme tu, hata kwa uongo, ili tupumzike. Akanitazama kama ninavyotazamwa mpaka leo, mtoto asiye na akili.

"Nikisema leo, kesho watakuja tena?"

"Hawatakuja."

"Basi. Hii kura ikiwa mdomoni mwangu nina wageni na shikamoo kila asubuhi. Nikiitema, ni mzee tu mwenye mgongo. Nitaitema kwenye kile chumba chao cha kura, peke yangu, hata wewe sikwambii."

Na hakuniambia. Hakumwambia mtu. Shikeni neno hilo.

Kaka alianza kumsumbua. Kila siku, asubuhi kabla hajapiga mswaki. Mama ametuangusha, mama ana kiburi, mama atanifanya nife maskini. Siku moja alimpigia kelele mbele ya wajukuu na kumwambia kwamba mtu anayekaribia kufa hana haki ya kuwachagulia walio hai. Mama akamjibu, "Basi nisubiri nife." Wiki haikupita akaanguka uani na debe la maji kichwani. Alilala siku ile, ikapambazuka nyingine, akafa alfajiri mkono wake uko kwenye mkono wangu. Sisemi kaka alimuua. Nasema alimwambia na mama akasikia.

Sasa oneni haraka ya watu. Dada yetu aliyeolewa Nduguti tulimpigia simu mara tu mama alipokata roho, na yeye alipanda gari la kwanza. Alipofika, jeneza lilikuwa limeshamtangulia. Mratibu alilileta kwa pikapu, jeneza la kutoka mjini lenye kioo usoni, na turubai, na viti, na spika mbili kubwa, na mchele. Watu wakasema, jamani, huyu kijana ana utu. Hata mimi nilimshukuru. Nilimpa mkono.

Tulipanga kuzika kesho yake saa sita, kwa sababu ya joto. Yeyote aliyekaa Singida mwezi ule kabla ya mvua anajua maiti haisubiri. Mwinjilisti alifika mapema, akasoma, tukaimba, tukaaga, jeneza likatolewa. Ndipo mtani akaruka kaburini.

Watu wakashangilia. Akapewa kuku.

"Kuku mmoja? Mimi huyu bibi aliniita mvivu mbele ya mke wangu, na mke akaamini! Kuku hatoshi!"

Kicheko. Akaletewa pombe ya mtama. Akainywa akiwa mle mle, akarudisha kibuyu kitupu, akasema udongo wa wafiwa una kiu. Kicheko. Akaletewa mbuzi, mbuzi mzima na kamba yake, kitu ambacho sijawahi kuona mtani akikataa.

"Mbuzi wenu ana sura ya mwenyekiti wa kitongoji, simtaki. Nimepapenda hapa. Bibi atafute pengine."

Hapo wachache walicheka. Jua lilikuwa limehama kutoka utosini, watu wamesogea kufuata kivuli cha turubai, jeneza limebaki palepale. Mwinjilisti alifunga kitabu, akakifungua, akakifunga. Nzi walikuwa wameshaanza. Mimi nilisimama ukingoni nimpungie nzi mama yangu, na ndipo nikatazama chini, nikaona mtani ameinua kofia kidogo, anasoma simu. Akaandika kitu. Akamtazama kaka, akamwonesha kwa kidole kwamba bado kidogo. Kaka akatikisa kichwa kukubali.

Nikamfuata kaka.

"Kaka, huyu anasubiri nini?"

"Ni utani, dada. Vumilia."

"Utani unasoma simu?"

Akanivuta pembeni. Alikuwa anatoka jasho. "Wageni wako Ilongero. Wanatoka timu ya mgombea mwenyewe, na watu wa kamera. Wakifika tunazika. Ni heshima kwa mama, wewe hujui mambo haya."

"Mama anaoza, kaka."

"Punguza sauti."

Hakusema haozi. Alisema nipunguze sauti.

Kama wangetuambia tusubiri wageni, ukoo ungekataa. Wazee wangepiga meza, mwinjilisti angezika. Mratibu alilijua hilo, na kaka ndiye aliyemfundisha. Ndiyo maana walimweka mtani. Mtani hakatazwi, mtani haulizwi, mtani hatolewi kwa nguvu. Walitafuta kitu pekee ambacho sisi wenyewe hatuwezi kukigusa, wakakilaza kwenye kaburi la mama kama gogo barabarani. Basi mimi nikakigusa. Niliyoyafanya mmeshayasoma, na sitayaombea msamaha kwa mtu.

Walinifungia jikoni. Mlango wa jiko letu hauna komeo, kwa hiyo waliegemeza kinu na kumkalisha binamu yangu juu yake. Nilikuwa kwenye moshi na masufuria ya mchele wa mratibu. Nikasikia magari. Nikasikia spika zinajaribiwa, moja mbili, moja mbili, mita chache kutoka kwa marehemu. Nikasikia sauti ya mwanaume nisiyemjua, sauti nzuri, iliyoshiba, ikitamka jina la mama yangu vibaya, kisha ikasahihishwa, ikalitamka vibaya tena.

"Bibi yetu huyu," ikasema, "alikuwa miongoni mwa wanaotafakari. Alitafakari sana. Na kabla ya kutuaga, kitandani kwake, alimshika mwanae mkono akasema, nimeamua. Nendeni wote kwa mgombea wetu!"

Kisha kaka yangu kwenye spika, analia: "Ni kweli. Ni mimi aliyenishika mkono."

Watu wakapiga makofi. Kwenye mazishi. Sauti ikawaambia ukoo mzima wanyooshe mikono juu, na mtu wa kamera akasema tena, mara ya kwanza haikutoka vizuri, na wakanyoosha tena. Mama yangu nilimzika kwa masikio, nikiwa nimekaa kwenye mafiga. Dada alinieleza baadaye kwamba walimfunika kwa kitambaa cha chama na kumshusha nacho, na kwamba mtani alitoka kaburini mwenyewe, bila kuombwa, mara tu alipoona vumbi la magari, akiwa amevimba jicho, akapewa kofia mpya.

Ile video ilizunguka kwenye simu mpaka siku ya kupiga kura. Nimetumiwa na watu wa Manyoni wakinipa pole na hongera kwa pamoja. Kitongoji kilipiga kura kama kilivyoambiwa kwamba marehemu amesema. Mratibu hakuonekana tena. Kaka anasubiri usimamizi wake. Simu ya yule kijana haipatikani, na kaka anaijaribu bado, jioni akishakula.

Aliyehukumiwa ni mimi. Ukoo ulikaa, nikaambiwa nimempiga mtani msibani, nimeleta nuksi. Nikatozwa mbuzi na kukatazwa kushika jembe kwenye mazishi yoyote ya ukoo. Mbuzi alipokelewa na mtani mwenyewe. Safari hiyo hakulalamikia sura yake. Wanawake niliosuka nao ukili tangu utotoni wananiita yule wa kaburini. Nikitokea korongoni na maji wanapisha, kama napita na ugonjwa.

Sawa. Mbuzi nimetoa. Sasa ni zamu yangu kuuliza, na ninauliza kwa maandishi ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Mtani, uliingia kaburini kwa haki ya babu zako au kwa simu ya mratibu? Ukitamka kwamba ni simu, basi siku ile hukuwa mtani, na mimi nilimpiga kibarua tu. Sema.

Mratibu, popote ulipo na viatu vyako, wewe ndiye uliyemwandikia mgeni yale maneno ya kitandani. Uliyapata kwa nani?

Na wewe kaka. Alfajiri ile wewe ulikuwa umelala nyumbani kwako, nilikuja kukugongea mlango mama akiwa ameshapoa. Mkono wake alinipa mimi, na hakutamka kitu. Simama mbele ya ukoo uleule ulionitoza mbuzi, kwa mdomo uleule uliolia kwenye spika, useme mama alikwambia lini. Wazee, mwiteni. Msiponiitia yeye, mtanijibu nyinyi.